Joto Lililoandikwa na Joto Lililomo

Sisi tunaosoma Kemia tunalijua lile jaribio la msalaba. Unachora X kwenye karatasi, unaweka juu yake bika yenye sodiamu thayosalfeti, unamimina asidi hidrokloriki na kuhesabu sekunde mpaka salfa iufiche msalaba. Kisha unarudia kwa digrii 30, 40, 50 na 60. Jaribio la namna hii laweza kuja katika KCSE.

Kuhesabu sekunde si kazi. Taabu iko kwenye joto. Mtu anapasha bika juu ya moto, kipimajoto kinagonga 60, anaitoa mbio na kuandika 60. Kumbe chini kuna moto zaidi kuliko juu, na asidi anayomimina ni baridi! Mchanganyiko huenda ukawa 55 tu. Digrii 10 zikiongezeka, kasi huwa karibu maradufu, kwa hiyo hizo 5 si chache.

Basi fanya hivi. Weka bika ndani ya sufuria ya maji ya moto, na asidi katika neli humo humo. Koroga. Kipimajoto kikae katikati, kisiguse kioo, nawe ungoje mpaka kitulie kabisa. Msalaba ukifichika, soma joto tena, uandike wastani. Anza na joto la chini, na usipite 60, maana gesi ya salfa daioksaidi itakukaba koo na sekunde zitakuwa chache mno kupimika.

Je, kipimajoto chenyewe ni kizima? Wengine husema eti kitie katika maji yanayochemka, kisome 100. Hiyo ni ya Mombasa. Kitale, kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, maji huchemka karibu digrii 94, na hapa Myanga pia hayafiki 100. Afadhali barafu inayoyeyuka: huko kisome 0.

Hata wataalamu wa mashine za NMR, zinazochunguza molekuli kwa sumaku kali, hawaiamini ovyo namba ya mashine. Hupima methanoli kwanza wajue joto halisi ndani ya neli, na wakibadilisha joto, hungoja.

Sisi wa kutwa tuna dakika 80 tu za maabara, najua. Lakini nukta moja ikikataa kukaa kwenye grafu, usiisogeze kwa kalamu. Rudia hiyo moja. Haimalizi dakika 10.