Kabla ya Kujilaza, Chungulia Chini ya Hodhi!

Wiki hii, wapenzi wasomaji, tunaingia bafuni. Msishtuke, nguo hatuvui. Kuna ugonjwa umetuingia vijana wa mjini: mtu akipata vijisenti tu, anakimbilia kumnunulia mzazi hodhi la kuogea, lile la kujilaza kama kwenye sinema. Wauzaji wanaliita "bathitabu". Jina wamelipatia!

Binamu yangu wa Dar kamnunulia mama yake, yaani shangazi yangu, aliyeko Mnyuzi, Korogwe. Mnapajua? Ni huko kwenye mashamba ya mkonge, kwenye reli ya Tanga, inakounganishwa na ile ya kutoka Ruvu iliyofunguliwa mwaka 1963. Hodhi likafika bila mkwaruzo. Kwa mawazo ya binamu, kilichobaki ni kulitua na kufungulia maji.

Kazi ya kumsimamia fundi nikapewa mimi. Tukapiga hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jaza lita 150, mwingize na shangazi mwenye kilo zake 80 asizotaka zitajwe, tayari ni kilo 230, na hodhi lenyewe hujalipima. Mzigo wote huo uko juu ya vijiguu vinne, na sakafu ya bafu la zamani ni saruji nyembamba juu ya udongo. Kijiguu kimoja kikizama kidogo tu, hodhi linainama, silikoni ya ukutani inaachia, na ukuta unakunywa maji kimyakimya. Fundi akavunja sehemu za miguu, akamwaga zege nene, akaliacha likomae wiki nzima. Hapo nikamvulia kofia. Na kabla ya kupaka silikoni alilijaza hodhi maji, ili lishuke lote linapotakiwa kushuka.

Kasheshe ikawa maji machafu. Bafu lile lilijengwa kwa watu wa ndoo na kopo. Lita 20 zinajiendea taratibu kwenye kitundu cha ukutani. Hodhi linaachia 150 kwa mkupuo! Halafu kitundu kiko kulia, tundu la hodhi liko kushoto. Bomba la inchi moja na nusu lingesafiri chini ya hodhi zima, nalo kila mita linataka kushuka kama sentimita 2. Weka na trapu, ile kona inayobakiza maji ili harufu isirudi ndani wala mende wasipande. Nafasi hakuna.

"Tuliinue kwa tofali mbili, mambo kwisha," akasema fundi. Kwake rahisi. Shangazi magoti yake mabovu.

"Baba, hapo juu nitapandishwa na winchi?" akaniuliza.

Jamani, sakafu ya sabuni, ukingo wa kuparamia, na mtu wa miaka 70! Bora angeletewa ndoo mpya.

Basi tukaligeuza, kichwani kukawa miguuni. Tundu likaenda kulia, kwenye ukuta wa nje. Fundi akachimba kishimo sakafuni cha kukalia trapu, akatoboa ukuta chini ya usawa wa sakafu, bomba likatoka fupi, kona moja, na kifuniko cha kuzibulia. Bomba la maji safi ndilo lililohamishwa ukuta wa pili. Hilo halina maringo, lina msukumo wake, unaweza kulipandisha na kulishusha utakavyo. Nje tukachimba shimo jipya, mbali na kisima, maana lile la zamani lilizoea makopo.

Hesabu ya zege, mabomba na shimo ilipomfikia, binamu alipiga kelele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Nikamwambia hizo ndizo hela za kutafuta kwanza, hodhi baadaye.

Shangazi anaingia mwenyewe, mkono kwenye chuma tulichofunga ukutani. Ila anajaza nusu tu. Anasema likijaa ni ndoo saba na nusu, na siku maji ya bomba yakikatika, atakayezibeba yuko Dar.