Salio Lako Ni Deni la Nani?

Simu moja ya mkononi mjini Dar es Salaam au Mombasa siku hizi inaweza kubeba salio la aina tatu: la mtandao wa simu, la benki, na la sarafu za kidijitali. Kwenye kioo yote matatu yanafanana, na matangazo ya kampuni hushindana kwa mambo mawili: nani ana kasi na nani ana makato madogo. Hayo ni mambo ya maana kwa mtu anayemtumia mzazi wake shilingi 20,000, na hayafai kudharauliwa. Lakini anayeangalia kasi na makato peke yake ameliacha swali kubwa kuliko yote. Salio ni deni. Ipo taasisi inayodaiwa kiasi hicho, na usalama wa fedha unategemea mdaiwa ni nani, anabanwa na sheria gani, na ni saa ngapi hasa deni linahesabika kuwa limelipwa. Msamiati mgumu wa sekta hii, kuanzia akaunti ya wadhamini hadi sarafu thabiti, ukiufuatilia utakufikisha kwenye maswali hayohayo.

Chukua pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Mteja akimpa wakala noti za shilingi 100,000, salio la mteja linapanda na floti ya wakala, yaani salio lake la kuhudumia wateja, inashuka kwa kiasi hichohicho. Noti zinabaki kwenye droo, na benki haijaguswa. Wakala alikuwa anaidai kampuni shilingi 100,000. Sasa anayeidai ni mteja. Deni lenyewe lilizaliwa siku wakala aliponunua floti na fedha zikaingia kwenye akaunti ya wadhamini katika benki ya biashara. Kanuni zinataka akaunti hiyo iwe na shilingi moja kwa kila shilingi ya pesa za simu iliyo mikononi mwa watu, na fedha hizo zitengwe na mali za kampuni ili kampuni ikifilisika wadai wake wasizifikie. Kenya iliyaweka haya katika kanuni za mwaka 2014, Tanzania katika sheria na kanuni za 2015. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia watumiaji wake faida inayotokana na akaunti ya wadhamini, na kwangu hilo ni tukio kubwa katika historia ya biashara hii kuliko huduma nyingi zilizozinduliwa kwa mbwembwe. Riba humfuata mwenye mali. Kampuni ilipoitoa, ilikiri hadharani kwamba fedha zile ni za wateja.

Hata hivyo mnyororo hauishii kwa kampuni ya simu, kwa kuwa fedha za wadhamini ziko benki, na benki nazo huanguka. Kenya iliona benki tatu, yaani Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank, zikiwekwa chini ya msimamizi kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016. Wakati huo bima ya amana ilimlipa mteja mmoja kiasi kisichozidi shilingi 100,000 kwa benki, ikapandishwa hadi 500,000 Julai 2020. Akaunti ya wadhamini yenye mabilioni ikihesabiwa kuwa ya mteja mmoja, bima hiyo haifiki popote. Kwa sababu hiyo ni muhimu fedha zigawanywe katika benki kadhaa, na ni muhimu zaidi kila mwenye salio ahesabiwe peke yake siku ya msiba.

Swali la wakati nalo lina historia yake. Tarehe 26 Juni 1974, wasimamizi wa benki nchini Ujerumani waliifunga Bankhaus Herstatt ya Köln mchana umekwisha Ulaya, huku New York biashara ya siku ikiendelea. Benki nyingine zilikwisha kuilipa Herstatt mark za Kijerumani na zilikuwa zinasubiri dola upande wa pili. Dola hazikuja. Tangu hapo benki kuu zimejenga mifumo ambayo kila malipo makubwa hukamilishwa peke yake, muda uleule, kwenye akaunti za benki zilizoko benki kuu, na yakishakamilika hayarudi nyuma. TISS ya Tanzania, iliyoanza mwaka 2004, na KEPSS ya Kenya, iliyoanza mwaka 2005, ni za ukoo huo. Malipo madogo ya papo kwa papo kati ya benki na benki hufanya kazi kwa namna nyingine: mpokeaji anaona fedha ndani ya sekunde, ilhali mara nyingi benki zenyewe hujumlisha wanachodaiana na kulipana baadaye. Katika kipindi hicho cha katikati kuna mtu anayebeba hatari, na kanuni nzuri huhakikisha si mteja, kwa kuzitaka benki ziweke dhamana mapema. Pesa za simu zina mlango mwingine wa kurudi nyuma. Mkenya wa M-Pesa aliyekosea namba hutuma ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba arudishiwe, na hufanikiwa zaidi ikiwa mpokeaji hajazitoa. Ujumbe wa "imethibitishwa" haumaanishi kitu kilekile katika kila mfumo, na tapeli anayekuharakisha anaijua tofauti hiyo vizuri.

Wapo watakaosema mtumiaji wa kawaida hana haja ya kuyajua haya. Mamilioni ya watu wanatuma na kupokea kila siku bila kusikia habari ya wadhamini, na mambo yanakwenda. Ni kweli, na ni sifa kwa waliosimamia mifumo hii. Lakini yanakwenda kwa sababu kuna mtu mwingine anayeuliza kwa niaba yao. Pale ambapo hakuna, matokeo yanajulikana. Nchini Marekani kampuni ya Synapse ilikuwa inaunganisha programu za simu na benki zenye bima ya serikali. Ilipofilisika Aprili 2024, ilionekana kwamba daftari lake la nani ana kiasi gani halikulingana na vitabu vya benki. Zaidi ya watu 100,000 walizuiwa kugusa fedha zao, na pengo lilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 65 na milioni 96. Bima haikuwasaidia, kwa sababu hakuna benki iliyoanguka. Aliyeanguka ni mtu wa kati mwenye daftari. Watu hao walisoma neno bima kwenye programu wakadhani jibu wamelipata.

Watetezi wa Bitcoin wana jibu zito zaidi. Wanasema sarafu yao, iliyoanza Januari 2009, haidaiwi kwa mtu yeyote: mtandao unathibitisha kundi jipya la miamala kwa wastani wa kila dakika kumi, jumla haitazidi sarafu milioni 21, na mwenye ufunguo wa siri ndiye mwenye mali. Kwa anayeutunza ufunguo wake mwenyewe, hoja hii inasimama, ingawa ina bei yake. Ambapo hakuna mdaiwa hakuna pia wa kumlalamikia. Aliyekosea anwani au kupoteza ufunguo amepoteza kabisa. Isitoshe, watu wengi huiacha sarafu yao kwenye soko la mtandaoni, na hapo deni limerudi kwa mlango wa nyuma. Soko la FTX lilipofilisika Novemba 2022, wateja walikuta salio lao la Bitcoin ni dai tu dhidi ya kampuni iliyokuwa imetumia takriban dola bilioni 8 za fedha zao. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 Machi 2024. Wateja walipoanza kulipwa, madai yao yalihesabiwa kwa dola kwa bei ya siku ya kufilisika, wakati Bitcoin ilikuwa imeshuka sana, na kupanda kwa bei kulikofuata hawakukuona. Aliyekuwa na sarafu kwenye kioo alikuwa na karatasi ya madai mahakamani.

Sarafu thabiti, zinazoahidi kubaki dola moja, ndizo zinazoihusu Afrika Mashariki zaidi, kwa sababu wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa nje na ndugu zetu walioko ughaibuni wanazitumia kweli. Kutuma fedha kwenda Afrika kusini mwa Sahara hugharimu kama asilimia 8 kwa wastani, huku lengo la dunia likiwa asilimia 3, na anayetafuta njia ya bei nafuu hastahili kubezwa. Lakini dola hiyo nayo ina mdaiwa. Oktoba 2021 mdhibiti wa masoko ya bidhaa wa Marekani aliitoza Tether, kampuni inayotoa sarafu thabiti ya jina hilo, faini ya dola milioni 41, baada ya kubaini kwamba katika kipindi cha miezi 26 kati ya 2016 na 2018 akiba yake ya fedha ilitosha kwa asilimia 27.6 tu ya siku. Sarafu ya USDC ilishuka chini ya senti 90 Machi 2023, kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikwama katika Silicon Valley Bank iliyokuwa imeanguka. Iliinuka serikali ya Marekani ilipowalinda waweka amana wote wa benki hiyo. TerraUSD, iliyotegemea hesabu za kompyuta badala ya akiba ya fedha, ilianguka Mei 2022 na haikuinuka. Zote tatu ziliandikwa dola moja kwenye kioo.

Serikali zetu zimeanza kuchukua hatua, ila kwa mpangilio wa ajabu. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kisheria, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali za kidijitali. Mlipakodi amepatikana kabla ya mdaiwa kutajwa. Kenya ilitunga sheria ya kuwapa leseni watoa huduma hizi Oktoba 2025, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na hiyo ni hatua ya mbele. Kinachokosekana kote kuwili ni agizo dogo: chini ya kila salio programu ioneshe jina la taasisi inayodaiwa, benki au mali iliyoshika akiba, na kama bima ya amana inahusika au haihusiki. Kampuni zitasema kioo ni kidogo na maelezo ni mengi. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliagiza makato yaoneshwe kabla mteja hajakamilisha muamala, na nafasi kwenye kioo ikapatikana. Tanzania inaweza kuanza na pesa za simu, ambako akaunti za wadhamini ziko tayari chini ya jicho la Benki Kuu, kisha idai maelezo hayohayo kwa kila atakayeomba kuuza mali za kidijitali nchini.