Vifungo Dhaifu Vinavyoinasa Sumu ya Nyoka

Ndani ya msitu wa Oloolua, mtaani Karen, ipo Taasisi ya Utafiti wa Nyani, na humo wamo wanasayansi wanaochunguza sumu za nyoka wa Kenya na dawa za kuzikabili. Kazi yao yote inasimama juu ya jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia mbiombio: vifungo dhaifu kati ya molekuli na molekuli.

Atomi za molekuli moja zimeshikana kwa nguvu. Kukata kifungo cha oksijeni na haidrojeni ndani ya maji huhitaji takriban kilojuli 460 kwa moli. Molekuli hiyo ya maji na jirani yake hushikana kwa kifungo cha haidrojeni cha kilojuli 20 hivi tu. Vipo vilivyo hafifu zaidi, vilivyopewa jina la Mholanzi Johannes van der Waals, mshindi wa Nobel ya fizikia mwaka 1910.

Kimoja hakifui dafu. Vikiwa makumi pamoja, vinaua. Baadhi ya sumu za swila na koboko ni protini ndogo, zilizofumwa kwa vifungo vikali vya salfa. Zikifika kwenye misuli hung'ang'ania vipokezi vinavyopokea amri ya neva, na hushika kwa vifungo dhaifu vitupu. Amri haipiti tena. Kope hulegea, ulimi huwa mzito, kisha pumzi hukatika.

Dawa nayo hutumia njia iyo hiyo. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, damu yake hutengeneza kingamwili, nazo husafishwa na kutiwa chupani. Kingamwili huinasa sumu kabla haijafika kwenye kipokezi. Lakini vifungo hivi hufanya kazi pale tu nyuso mbili zinapokaribiana mno, kwa hiyo maumbo lazima yaoane. Ndiyo sababu dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa Asia yaweza kushindwa kabisa mbele ya bafe wa Baringo. Kununua dawa kama hiyo kwa kuwa ni rahisi ni kuhatarisha maisha ya watu.

Umbo la kingamwili lenyewe hutegemea sana vifungo hivyo dhaifu. Joto likizidi huachia, protini ikaharibika kama ute wa yai kikaangoni. Kwa hiyo dawa nyingi za maji huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na zahanati isiyo na umeme wa uhakika haiwezi kuzitunza.

Dawa hunasa vyema sumu ambayo bado inazunguka mwilini. Iliyokwisha kushika kipokezi au kuozesha nyama ni vigumu kuirudisha nyuma. Basi ndugu msomaji, mtu akiumwa na nyoka usimchanje, usinyonye jeraha, wala usimfunge kamba ya kukaza. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na umfikishe haraka kwenye hospitali yenye dawa.