Mashine Inayopima Ukali wa Uvimbe wa Kibofu

Mtu akikojoa damu, hata kama hasikii maumivu, asinyamaze. Pengine ni bilharzia, pengine ni mawe, pengine ni uvimbe ndani ya kibofu cha mkojo. Uvimbe ukionekana, daktari atataka kujua neno moja kubwa: je, ni mpole au ni mkali?

Ukali unaonekana namna gani?

Daktari huingiza mrija wenye taa na kukata kipande cha uvimbe. Kipande hutiwa katika formoli kisioze, kisha hukatwa vyembamba kuliko karatasi na kutiwa rangi. Chini ya darubini utaona chembe nyingi za mwili, na ndani ya kila chembe kiini chenye rangi ya buluu. Katika uvimbe mpole viini vinafanana, navyo vimejipanga vizuri. Katika uvimbe mkali viini ni vikubwa, vyeusi, havina umbo moja, na vingi vinagawanyika. Mwaka 1973 Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu madaraja matatu ya kansa hii. Mwaka 2004 lilipanga mawili, la chini na la juu.

Kompyuta inasaidia nini?

Macho ya watu hayalingani. Madaktari wawili wanaweza kutazama kipande kimoja, mmoja akasema daraja la chini, mwingine la juu. Hilo si jambo dogo. Uvimbe wa chini mara nyingi hukatwa, kisha mgonjwa huangaliwa tena na tena. Wa juu huweza kuhitaji dawa ya BCG kibofuni, ile wanayochanjwa watoto juu ya kifua kikuu, au hata kuondoa kibofu chote.

Kompyuta hupokea picha ya kipande. Hupima upana wa kila kiini, umbo lake na weusi wake, maelfu ya viini bila kuchoka. Picha ileile hutoa hesabu ileile. Lakini rangi ikitiwa vibaya, au picha ikiwa na ukungu, hesabu nayo itapotoka. Kwa hiyo daktari ndiye anayeamua.

Basi, ushike haya:

1. Ukiona damu katika mkojo, nenda hospitali upesi, hata ikikoma yenyewe.
2. Ukipewa kipande kukipeleka mbali, usikitoe katika formoli.
3. Acha tumbako, maana inaleta kansa ya kibofu.
4. Rudi siku uliyoambiwa. Uvimbe huu hupenda kurudi, hata ule mpole.