Kabla ya kumnunulia mtoto kifaa, kumbuka yaliyoikuta Zune

Mzazi anapomnunulia mtoto kifaa cha elektroniki, mara nyingi huuliza bei na ujazo wake. Yaliyoikuta Zune, kifaa cha mkononi cha kusikilizia muziki kilichotengenezwa na Microsoft, yanaonyesha kuwa maswali hayo mawili hayatoshi.

Zune iliingia madukani nchini Marekani Novemba 14, 2006, wiki chache kabla ya Krismasi. Ya GB 30 iliuzwa Dola 249.99, karibu sawa na iPod ya ujazo huo. Ilikuwa na kioo kikubwa, redio na uwezo wa kumtumia rafiki wimbo bila waya.

Tatizo likaanzia hapo hapo. Rafiki naye alihitaji kuwa na Zune, wakati wengi tayari walikuwa na iPod, iliyotangulia sokoni kwa miaka mitano. Hata alipopatikana mwenye nayo, wimbo aliotumiwa aliweza kuusikiliza mara tatu tu, ndani ya siku tatu. Kijana aliyezawadiwa Zune alibaki na kifaa kizuri, lakini hana wa kutumiana naye nyimbo.

Desemba 31, 2008, Zune za GB 30 ziliganda kwa pamoja. Mwaka huo ulikuwa mrefu, na programu ya saa yake ilishindwa kuihesabu siku ya 366. Wenye nazo waliambiwa waache chaji iishe, kisha wawashe tena kesho yake.

Mwaka 2011 Microsoft ilitangaza kuacha kutengeneza Zune, na Novemba 2015 ikafunga huduma zake za muziki.

Maswali ya kuuliza dukani

- Marafiki na ndugu wa mtoto wanatumia nini? Kifaa cha kushirikiana hakina maana kwa mtu mmoja.

- Je, kuna malipo ya kila mwezi? Ukiacha kulipa, mtoto anabaki na nini?

- Kampuni ikikiacha, kitaendelea kufanya kazi?

Na ikitokea zawadi haikumfurahisha, usikimbilie kumwambia mtoto hana shukrani. Muulize anachokikosa. Huenda kifaa hakina kasoro yoyote, ila kinamtenga na wenzake, na hilo kwa kijana ni jambo zito. Kumsikiliza hakuna gharama, na kutakusaidia usirudie kosa hilo hilo mara nyingine.