Je, Wajua? Namba 2,147,483,647

Ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Zizidishe 2 thelathini na moja, toa 1, utaipata.

Mwanahisabati Leonhard Euler alikwisha kuthibitisha kuwa ni tasa mwaka 1772, bila mashine. Inatosha kuigawanya kwa namba tasa zisizozidi kipeuo cha pili cha namba hii. Kipeuo hicho hakifiki 46,341, na chini ya hapo zipo namba tasa zaidi ya 4,700. Kuzijaribu zote ni adhabu! Euler alijua njia ya mkato: kigawo chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 62 kikiongezwa 1. Nyingi zikaondolewa kabla hata ya kugawanya.

Kwenye kompyuta zinazohifadhi namba chanya na hasi kwa biti 32, hapa ndipo mwisho wa kuhesabu. Desemba 2014, idadi ya mara ambazo video ya wimbo “Gangnam Style” wa Psy ilitazamwa kwenye YouTube iliupita mpaka huo. YouTube ilikuwa imeshahamia biti 64.

Mifumo ya zamani ya biti 32 inayohesabu sekunde tangu 1970 itafika hapo tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 1901.