Kabla ya Kumwaga Sabuni, Ijue Sakafu Yako

Mwaka 2000 serikali ya jimbo la Coahuila, kaskazini mwa Mexico, ilianza kuzimwagia zege nyumba za watu maskini zilizokuwa na sakafu ya udongo. Kila kaya ilipata zege la kufunika hadi mita za mraba 50. Baadaye watafiti waliwalinganisha watoto wa nyumba hizo na wenzao wa jimbo jirani ambako mradi haukuwapo, na mwaka 2009 wakachapisha walichokiona. Pale ambapo udongo wote ulibadilishwa kuwa saruji, vimelea vya tumboni vilipungua kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Kilichobadilishwa katika nyumba hizo ni mahali mtoto anapotambaa, anapookota kijiko na kukirudisha mdomoni.

Kwa hiyo sakafu ni suala la afya kabla ya kuwa suala la pambo. Hapa Afrika Mashariki familia nyingi zimetoka kwenye udongo zikaingia kwenye saruji, na nyingine zikavuka hadi kwenye vigae, ndani ya kizazi kimoja tu. Maarifa ya utunzaji hayakwenda kwa kasi hiyo. Ndiyo maana sakafu nyingi nzuri huharibiwa na mikono inayozisafisha kwa bidii, huku uchafu wenyewe ukisingiziwa.

Vumbi na funza

Tuanze na udongo, kwa sababu wengi bado wanaishi juu yake. Adui mkubwa wa sakafu hiyo ni funza, mdudu aliyefika Angola kutoka Amerika ya Kusini mwaka 1872 na kuvuka bara hadi pwani ya mashariki kabla karne ile haijaisha. Funza mzima ana urefu wa takribani milimita moja tu. Jike hujipenyeza kwenye ngozi ya mguu, huvimba kwa mayai hadi kukaribia sentimita moja, kisha huyadondosha mayai hayo chini. Buu lake hukulia kwenye vumbi kavu la juujuu, sentimita chache tu kutoka unyayoni. Kumtoa funza mguuni bila kuishughulikia sakafu ni kazi isiyokwisha, kwani kizazi kinachofuata tayari kiko chini kinasubiri.

Hapo ndipo inapoonekana busara ya mama zetu ya kunyunyiza maji kabla ya kufagia na kusiriba sakafu mara kwa mara. Maji huyafanya mavumbi yashikamane yasiruke hewani, na kusiriba huziba nyufa. Nchini Rwanda shirika la EarthEnable limeiendeleza hekima hiyo: udongo hushindiliwa vizuri, ukapakwa mafuta ya mimea ambayo yakikauka huwa utando mgumu usiopitisha maji. Sakafu ya namna hiyo hufagiwa na kupigwa deki bila kugeuka tope.

Mchanga kwanza, maji baadaye

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu wao, kutoka 1 hadi 10. Sheria yake ni rahisi: kigumu hukwaruza laini. Marumaru iko kwenye 3, kioo cha dirisha kiko karibu na 5.5, na kwatsi, madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, iko kwenye 7. Maana yake ni kwamba punje ya mchanga iliyonasa kwenye ndala inaweza kuikwaruza marumaru, terazo na hata vigae vingi vyenye mng'aro. Mikwaruzo hiyo haionekani mmoja mmoja. Ikijumlishwa kwa miaka, mwanga hauakisiwi tena sawasawa, na mwenye nyumba husema kigae kimefubaa. Huongeza sabuni, lakini mng'aro haurudi, kwa kuwa uso wenyewe umeshalika.

Anayepiga deki kabla ya kufagia huuchukua mchanga huo kwa tambara bichi na kuusugulia sakafuni kama msasa. Fagia kwanza, tena kwa ufagio laini. Chelewa ni za uani. Na ile desturi ya kuvua viatu mlangoni, iliyozoeleka sana pwani, ni kinga bora kuliko dawa yoyote ya kung'arisha inayouzwa dukani, kwa sababu inauzuia mchanga usiingie kabisa.

Saruji inayomomonyoka

Pitisha kiganja juu ya sakafu ya saruji iliyofagiwa sasa hivi. Kikitoka na unga wa kijivu leo, kesho na keshokutwa, usimlaumu aliyefagia. Huo ni uso wa sakafu unaopukutika.

Sababu yake ilizaliwa siku ya ujenzi. Saruji haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na maji. Chembe zake zikikutana na maji huota fuwele ndogo zinazosukana na kuufunga mchanga na kokoto pamoja. Kosa la kwanza ni kuacha maji yaondoke mapema: ufumaji huo hukatika njiani. Ndiyo maana sakafu mpya humwagiliwa au kufunikwa magunia mabichi kwa siku 7 angalau, na ndiyo maana wahandisi huipima nguvu yake ya kawaida ikiwa na siku 28. Kosa la pili ni kuzidisha maji kwenye mchanganyiko ili kazi iwe nyepesi: maji ya ziada hupanda juu na kuacha vinyweleo. Kosa la tatu, ambalo mafundi wengi hulifanya wakiwahi kumaliza, ni kupiga niru wakati maji hayo bado yamesimama juu, au kunyunyiza saruji kavu ili iyanyonye. Hapo hutokea ngozi nyembamba, laini machoni lakini dhaifu, nayo hubanduka ndani ya miezi.

Sakafu ya namna hiyo haiponi kwa kufagiwa. Kama zege la chini ni zima, inaweza kupakwa sodiamu silikati, ambayo wauzaji wa vifaa vya ujenzi huijua kama dawa ya kukazia sakafu. Kimiminika hicho huingia vinyweleoni, kikakutana na chokaa iliyobaki ndani ya saruji, na kutengeneza gundi ya jamii ileile inayoishika saruji tangu mwanzo. Ikiwa ngozi ya juu imeshaachia, haina budi kung'olewa na kupigwa upya.

Pwani kuna tatizo jingine. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa hubeba chumvi ndani ya sakafu yake. Chumvi ya kawaida huanza kufyonza maji kutoka hewani na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, kiwango ambacho miji ya mwambao hukipita mara nyingi, hasa usiku na wakati wa masika. Sakafu hulowa bila mvua kuingia. Hewa ikikauka, chumvi huganda tena na kupanuka ndani ya vinyweleo, na kila mara huivunja saruji kidogo. Unga mweupe unaojitokeza ufagiwe ukiwa mkavu. Ukiuosha kwa maji mengi, unairudisha chumvi ndani.

Ndimu juu ya terazo

Dondosha tone la ndimu kwenye pembe iliyofichika ya sakafu ya terazo isiyopakwa nta, ukainame karibu. Utaona vipovu vidogo vikipanda. Hiyo ni kaboni dayoksaidi: tindikali ya ndimu inaila kalsiamu kabonati, ambayo ndiyo mwili wa marumaru na wa vipande vya mawe vilivyomo kwenye terazo. Futa haraka, la sivyo litabaki doa lisilong'aa.

Ikiwa ndimu inaweza hayo, fikiria dawa ya choo yenye asidi haidrokloriki inayomwagwa sebuleni ili "vigae vitakate". Kigae chenyewe, kilichochomwa kwenye joto kali, hakidhuriki sana. Porseleni hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Kinacholiwa ni grauti, ile mistari ya saruji katikati ya vigae. Siku ya kwanza mistari huwa myeupe na mwenye nyumba hufurahi, bila kujua kwamba weupe huo umetokana na kuchubuliwa. Baada ya miezi mistari hubonyea, maji hupenya chini, na vigae huanza kulia vikigongwa. Vinegari nayo ni tindikali. Ina kazi yake nzuri kwenye glasi na bomba lenye ukoko, lakini isikaribie marumaru, terazo wala saruji.

Kwa uchafu wa kila siku, sabuni ya maji isiyo kali inatosha, tena kidogo. Molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Hulizunguka tone la mafuta na kuliinua lichukuliwe na maji. Ikizidi, inayobaki hukauka na kuwa utando unaonata, nao hudaka vumbi la kesho. Hali huwa mbaya zaidi pale maji ya kisima ni magumu, kama yale yanayotoka kwenye mwamba wa matumbawe: kalsiamu iliyomo huungana na sabuni ya mche na kufanya ukoko wa kijivu usioyeyuka. Dawa yake ni kupunguza sabuni na kusuuza kwa maji safi.

Jiki ina nafasi yake

Jiki ni maji yenye sodiamu haipokloraiti, mara nyingi asilimia 3.5. Inaua vijidudu, lakini haisafishi. Ikikuta uchafu, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo kabla haijavifikia vijidudu. Kwa hiyo osha kwanza. Pale ambapo damu au majimaji ya mwili wa mgonjwa yamemwagika, yafute na kupasafisha, kisha tumia kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 6 vya maji baridi, ambacho hutoa asilimia 0.5, na uache kwa dakika 10. Changanya mpya kila siku, kwani joto na mwanga huidhoofisha. Nyumba isiyo na mgonjwa haihitaji jiki kila asubuhi.

Kisha kuna jambo moja la kufa na kupona. Jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye tindikali, hutoa gesi ya klorini, ile iliyofunguliwa dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Gesi hiyo ni nzito takribani mara mbili na nusu kuliko hewa, hivyo hutanda chini, pale alipoinama anayedeki na anapotambaa mtoto. Dawa zenye amonia nazo zikikutana na jiki hutoa gesi ya sumu. Na wanaotia mafuta ya taa kwenye ndoo ili sakafu ing'ae wanajiletea utelezi, mvuke mbaya na hatari ya moto.

Utaratibu unaotosha

Fagia. Piga deki ukitumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia dekio, ili usiurudishe uchafu ulioutoa. Badilisha maji yakichafuka. Mwisho kausha, maana kuvu na utelezi vyote vinategemea maji. Dekio lifuliwe na kuanikwa juani. Likiachwa bichi ndani ya ndoo, bakteria huongezeka mno, kwani wengine katika hali nzuri huzaliana maradufu kila baada ya dakika 20, na kesho unawapaka nyumba nzima.

Anayejenga leo amsimamie fundi katika zile siku 7 za kumwagilia; hakuna sabuni itakayolipa siku hizo zikipotea. Anayeishi kwenye nyumba iliyokwisha ajue kwanza anakanyaga saruji, terazo au kigae, ndipo achague cha kumwaga. Na kila mmoja wetu, leo hii, aiweke chupa ya jiki mbali na chupa ya dawa ya choo, kisha amweleze anayemsaidia kazi za nyumbani kwa nini hazipaswi kukutana kwenye ndoo moja.